Dondoo muhimu: Kukusanya maoni Kariakoo kwa somo la takwimu

• Shika swali moja kuu: wanunuzi hupendelea kulipa taslimu au kwa simu?

• Usimtafunie mtu jibu. "Malipo ya simu ni salama, sivyo?" si swali la haki.

• Jaribu dodoso kwa watu watano kwanza.

• Usichague nyuso za upole. Simamisha kila mpita njia wa kumi, asubuhi na jioni, Mtaa wa Kongo na Msimbazi pia.

• Omba ridhaa, usiandike jina. Anayepatana bei, mwache amalize.

• Hesabu na waliokataa.

• Sampuli nasibu ya watu 100 ina ukingo wa makosa wa takriban asilimia 10 juu au chini. Kuupunguza hadi 5, hoji 400.