Hita ya Maji Nyumbani: Hesabu Kwanza, Kununua Baadaye

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya ngeli, methali na fasihi simulizi. Mara hii tuingie bafuni. Usicheke! Yale tunayosoma katika Fizikia kuhusu joto na umeme yana kazi kubwa kule nyumbani, na Kiswahili kinaweza kuyaeleza bila kutatizika.

Shabaha ya makala haya ni moja: kukuonyesha kwamba kuchagua hita ndogo ya maji ni hesabu ya dakika tano, na kwamba kuiweka bila hesabu hiyo ni kuchezea maisha ya watu. Mtu anayeoga huwa amelowa maji, hana viatu, na amejifungia mlango. Hapo stima ikimpata, hakuna wa kumsaidia haraka.

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane kuhusu neno. Sisi wa Kenya husema stima, neno lililotokana na lile la Kiingereza lenye maana ya mvuke. Katika Kiswahili cha zamani, stima ni meli iendeshwayo kwa mvuke. Ndugu zetu wa Tanzania husema umeme. Kwa hivyo ukimwambia Mtanzania kwamba stima imepotea, asije akadhani meli imezama! Katika makala haya nitatumia yote mawili.

AINA ZA HITA NDOGO

Kuna aina mbili ambazo mtu wa kawaida huzipata dukani.

Ya kwanza ni shawa ya papo hapo. Ni kichwa cha shawa chenye koili ndani yake. Ukifungua maji, yanasukuma kipande cha mpira, mpira unaunganisha stima, na koili inapasha maji yanapopita. Ukifunga maji, stima inakatika. Haiweki maji akiba. Nguvu yake huwa kubwa, mara nyingi wati 5,000 na zaidi.

Ya pili ni hita ya tangi dogo, la lita 10 hadi 30, linalotundikwa ukutani. Hii hupasha maji polepole na kuyaweka. Ndani yake mna kidhibiti joto kinachokata stima maji yakifika kiwango kilichowekwa. Nguvu yake ni ya wastani, kama wati 1,500 au 2,000.

Ipo na ya tatu, ambayo siihesabu kuwa hita ya nyumbani: ile koili ya kutumbukiza ndani ya ndoo. Ni ya bei rahisi, na vyumba vingi vya kupanga vinaitegemea. Lakini mtu anayetia mkono ndani ya ndoo kuonja kama maji yamepata joto, hali koili bado imo kwenye soketi, amejiweka kati ya stima na sakafu. Ikiwa lazima itumike, zima swichi, chomoa plagi, kisha ndipo uguse maji. Mtoto asiachwe karibu nayo hata kidogo.

JOTO KIASI GANI?

Sasa tushike kalamu. Kupandisha joto la kilo moja ya maji, yaani lita moja, kwa nyuzi moja ya Selsiasi kunahitaji jouli 4,200 hivi. Wati moja ni jouli moja kwa kila sekunde. Hayo mawili yanatosha.

Tuseme maji ya mfereji Nairobi yana nyuzi 20, na tunataka kuoga kwa maji ya nyuzi 40. Ndoo ya lita 20 itahitaji:

20 × 4,200 × 20 = jouli 1,680,000.

Shawa ya wati 5,500 itatoa joto hilo kwa sekunde 305, yaani dakika tano na kidogo. Kwa dakika moja basi, shawa hiyo inatupa karibu lita 4 za maji ya kuogea.

Sasa hamisha shawa hiyo hiyo. Tuseme kule Limuru asubuhi ya mwezi wa Julai maji yanatoka na nyuzi 15. Lazima yapande kwa nyuzi 25, na shawa itatoa kama lita 3 tu kwa dakika. Ipeleke Mombasa, ambako tuseme maji yana nyuzi 27: itatoa lita 6 kwa dakika. Shawa ni moja, lakini wa Limuru atasema ni mbovu na wa Mombasa ataisifu. Kumbe tofauti ni ya maji, wala si ya shawa! Kwa sababu hiyo usinunue hita kwa kuwa jirani wa mji mwingine ameisifu.

Je, hita ya tangi nayo? Tuchukue tangi la lita 15 lenye wati 2,000, tupandishe maji kutoka nyuzi 20 hadi 60:

15 × 4,200 × 40 = jouli 2,520,000.

Gawanya kwa 2,000, unapata sekunde 1,260, yaani dakika 21. Ukiyachanganya maji hayo na kiasi sawa cha maji baridi, unapata lita 30 za nyuzi 40. Hizo zinamtosha mtu mmoja asiyependa kuimba bafuni. Wa pili atangoje tena. Familia ya watu sita wanaotoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi haitafurahia tangi hilo.

Na bili? Wengi hudhani kwamba hita yenye wati nyingi ndiyo inayokula tokeni zaidi. Si lazima. Yuniti moja ya stima ni jouli 3,600,000. Ndoo yetu ya lita 20 inahitaji karibu nusu yuniti, ipashwe na shawa ya wati 5,500 au na tangi la wati 2,000. Moja hula haraka kwa muda mfupi, nyingine hula polepole kwa muda mrefu. Kinachoongeza bili ni urefu wa kuoga, pamoja na tangi lililoachwa likiwaka mchana kutwa bila mwogaji, kwa maana joto huvuja polepole na hita hulirudisha tena na tena.

JE, NYUMBA YAKO INAWEZA KUIBEBA?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Stima ya nyumbani kwetu ni ya volti 240. Gawanya wati kwa volti, upate ampea.

Tangi la wati 2,000: 2,000 ÷ 240 = ampea 8.3.
Shawa ya wati 5,500: 5,500 ÷ 240 = ampea 22.9.

Soketi zetu za tundu tatu zimetengenezwa kubeba ampea 13 tu. Kwa hivyo tangi dogo linaweza kubebwa na laini ya soketi iliyo nzima. Shawa haiwezi hata kidogo. Isitoshe, joto linalozalika ndani ya waya halipandi sawa na ampea: ampea zikiongezeka maradufu, joto huwa mara nne. Laini ya ampea 13 ikibebeshwa ampea 23, joto lake hupita mara tatu ya lile iliyokusudiwa kubeba. Plastiki ya waya inalainika, inaungua, na moto unaanzia ndani ya ukuta au juu ya dari, mahali ambapo hakuna anayeuona.

Shawa basi inataka laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya mita. Waya wa taa huwa wa milimita mraba 1.5 na wa soketi 2.5. Kwa shawa ya aina hii mafundi hupendelea waya wa milimita mraba 6, pamoja na saketi breka ya ampea 30 au 32, na swichi kubwa inayokata nyaya zote mbili kwa pamoja. Swichi hiyo iwekwe nje ya bafu, mahali ambapo mkono uliolowa haufiki. Karatasi ya maagizo ya mtengenezaji isomwe, na inachotaka kifuatwe.

Nyumba nyingi za zamani, na hasa vyumba vya kupanga ambako laini moja imegawanywa mara nyingi, hazina nafasi ya kubeba shawa. Hapo chaguo la busara ni tangi dogo, au kuendelea kuchemsha maji jikoni. Hakuna aibu katika sufuria.

MAJI YAKO NI YA AINA GANI?

Katika shawa nyingi za papo hapo, koili iko uchi ndani ya maji. Maji yenye chumvi hupitisha stima kwa urahisi kuliko maji matamu. Ikiwa kwenu mnatumia maji ya kisima au ya pwani yenye chumvi, ulizia shawa iliyotengenezewa maji hayo, ambayo koili yake imefunikwa. Chumvichumvi pia huganda juu ya koili na kuziba matundu ya shawa, kwa hivyo usafishaji ni wa lazima.

Angalia pia urefu wa tangi la juu ya nyumba. Kila mita moja ya urefu huongeza kanieneo kwa bari 0.1 tu. Tangi likikaa karibu sana na usawa wa shawa, maji hayatakuwa na nguvu ya kuusukuma ule mpira, na shawa haitawaka. Mara nyingi dawa ni kuinua tangi, wala si kununua shawa nyingine.

KUIWEKA: KAZI YA FUNDI, JICHO LA MWENYE NYUMBA

Kufunga laini mpya ya stima ni kazi ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Lakini mwenye nyumba anayejua hatua hawezi kudanganywa. Hizi hapa:

1. Mein swichi izimwe, na nyaya zipimwe kuhakikisha hazina stima.
2. Kabla ya kufunga hita, mfereji ufunguliwe maji yatoke kwa nguvu, ili mchanga na vipande vya plastiki vitoke.
3. Tangi litundikwe kwenye ukuta imara wa mawe. Lita 15 ni kilo 15, bila kuhesabu chombo chenyewe.
4. Nyaya za shawa ziungwe kwa konekta ya kauri, si kwa kusokotwa na kufungwa tepu.
5. Waya wa ardhini, wenye rangi ya kijani na manjano, uungwe.
6. Maji yapite kwanza, shawa au tangi lijae kabisa, ndipo stima iwashwe. Koili ikiwaka bila maji huungua mara moja.
7. Vali ya usalama ya tangi isizibwe kamwe. Maji yakipata joto hutanuka: lita 15 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka karibu robo lita. Vali ikidondosha matone wakati wa kupasha, inafanya kazi yake.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa mara nyingi. Utamsikia fundi akisema, "Mama, huu waya wa kijani si lazima, maji yatapata moto tu." Ni kweli, maji yatapata moto. Lakini waya huo haukuwekwa kwa ajili ya maji, umewekwa kwa ajili ya mwogaji. Koili ikipasuka na stima ikaingia kwenye maji au kwenye bomba la chuma, waya wa ardhini huipa njia rahisi ya kwenda ardhini, na saketi breka inakatika. Bila waya huo, njia iliyobaki ni mwili wa mtu.

Wala usitegemee saketi breka peke yake. Breka ya ampea 32 hulinda waya usiungue. Moyo wa binadamu husimamishwa na sehemu ndogo sana ya ampea moja. Ndiyo maana inafaa kuongeza ile swichi ya kinga iliyoandikwa herufi RCD, ambayo hukata stima ikivuja miliampea 30 tu. Hita yenyewe nayo iwe na alama ya ubora ya KEBS.

Ukishika mfereji ukahisi mwasho kidogo mkononi, usizoee wala usivae malapa ukaendelea kuoga. Zima stima, uite fundi siku hiyo hiyo. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari.

MSAMIATI

Ampea: kipimo cha wingi wa umeme unaopita kwenye waya.
Kanieneo: nguvu ya kusukuma juu ya eneo fulani.
Koili: waya uliosokotwa unaotoa joto umeme unapopita.
Waya wa ardhini: waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini.
Yuniti: kipimo cha umeme unaolipiwa, sawa na wati 1,000 kwa saa moja.

MASWALI

1. Tangi la lita 30 lina wati 1,500. Litachukua dakika ngapi kupandisha maji kutoka nyuzi 18 hadi 58?
2. Shawa ya wati 7,500 inavuta ampea ngapi? Je, breka ya ampea 30 itaitosha?
3. Eleza kwa nini breka ya ampea 32 inaweza kuokoa nyumba na isimwokoe mwogaji.
4. Ukifika nyumbani likizoni, fuata kwa macho tu waya wa hita yenu, au wa jirani, kutoka bafuni hadi kwenye bodi. Usiguse kitu. Je, wa kijani umo?

Majibu tutayajadili katika mkutano wa chama. Swali la nne ndilo lisilofaa kusubiri mkutano.