Kulinda Takwimu za Utafiti kwa Seva ya Pili

Bagamoyo ni mji mkongwe wa pwani ulio yapata kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Humo Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo cha utafiti kilichoshiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo kati ya mwaka 2009 na 2014 yaliwahusu watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika. Takwimu za namna hii zikipotea hazikusanyiki tena, kwani mtoto aliyepimwa damu akiwa na miezi 6 hawezi kurudishwa kwenye umri huo. Somo hili laeleza njia moja ambayo kituo chochote cha pwani chaweza kuitumia kulinda takwimu zake.

Picha ya diski ni nini?

Diski ya kompyuta hugawanywa katika vipande vidogo, na kompyuta hutunza orodha ionyeshayo kila faili limo katika vipande vipi. Picha ya diski, ambayo mafundi huiita snapshoti, ni orodha hiyo iliyozuiwa isibadilike tangu dakika fulani. Katika mfumo kama ZFS, ulioanza kutolewa mwaka 2005, faili likirekebishwa, maandishi mapya huwekwa katika kipande kingine, na kipande cha zamani hubaki mahali pake. Ndiyo maana picha hupigwa upesi sana, na mwanzoni haichukui nafasi kubwa.

Hata hivyo, ni kosa kuidhania picha hiyo kuwa akiba kamili. Vipande vyake vimo katika diski ile ile. Diski ikiungua, ikiibwa au ikiharibiwa na hewa ya chumvi, picha nazo hupotea. Hapana budi zipelekwe kwenye seva ya pili iliyo mbali.

Kupeleka mabadiliko tu

Ichukuliwe kwamba takwimu zote ni terabaiti 2, na njia ya mawasiliano hupitisha megabiti 10 kwa sekunde. Kuzituma zote kungechukua siku 18 na nusu. Kwa hiyo nakala ya kwanza ni afadhali ichukuliwe katika diski na kusafirishwa kwa gari. Baada ya hapo seva ya kwanza hulinganisha picha ya leo na ya jana, kisha hutuma vipande vilivyobadilika tu. Mabadiliko yakiwa gigabaiti 1 kwa siku, kazi huisha kwa dakika zipatazo 13.

Masharti ya kuzingatiwa

Kwanza, seva zote mbili ziwe na picha moja ya pamoja. Ikifutwa upande mmoja, itabidi kazi ianzwe upya.

Pili, mtu yeyote asiandike wala kurekebisha faili katika seva ya pili, isije ikatofautiana na picha hiyo.

Tatu, picha za zamani zitunzwe. Seva ya pili hunakili hata makosa: faili lililofutwa kwa bahati mbaya saa 4 asubuhi halitakuwamo katika picha ya saa 5.

Nne, mahali pachaguliwe kwa busara. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Seva iliyoko Ulaya ingekuwa vigumu kufikiwa siku hiyo; iliyoko Dodoma yaweza kufikiwa kwa mkongo wa nchi kavu, tena iko mbali na chumvi ya bahari. Njia ikikatika, picha huendelea kupigwa Bagamoyo, na mawasiliano yakirudi kazi huendelea kutoka ile picha ya pamoja.

Wahenga walisema akiba haiozi; lakini akiba ya kompyuta yaweza kuoza kimya kimya. Kwa hiyo kila baada ya miezi 3 fundi ayarudishe baadhi ya mafaili kutoka seva ya pili, ayafungue na kuyalinganisha na yale ya awali.