Kambi ya Kwanza na Watoto: Lipa Mapema, Pakia ya Usiku, Linda Betri

Likizo ya shule ikikaribia, swali ni lile lile: "Tunaenda wapi?" Bei ya hoteli ukiipiga mara watu watano, unanyamaza kidogo. Ndiyo maana familia nyingi sasa zinafikiria kulala kwenye hema, usiku mmoja tu, mahali ambapo watoto wataona pundamilia na nyota.

Ni wazo zuri. Lakini kambi si hoteli. Ukisahau blanketi, hakuna mapokezi ya kupigia simu. Ukiishiwa na chaji saa mbili usiku na pesa zote ziko kwenye simu, hakuna wakala karibu. Kwa hivyo somo letu la leo ni moja: kambi na watoto wadogo hutengenezwa nyumbani. Ulicholipa, ulichojaribu na ulichopakia kabla ya kutoka ndicho kitakachoamua kama watoto wataomba kurudi ama watasema "tena hapana".

Tutumie mfano mmoja mpaka mwisho: wazazi wawili kutoka Nairobi, watoto wa miaka 8, 5 na 2, usiku mmoja katika mbuga ya Hell's Gate, Naivasha.

Kwa nini Hell's Gate?

Kwa mara ya kwanza, chagua mahali pa karibu. Hell's Gate iko takriban kilomita 90 kutoka Nairobi. Mambo yakiharibika, mtoto akipata homa ama mvua ikigoma kuisha, mnaweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Pia ni moja ya mbuga chache nchini ambapo wageni huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia, twiga na swala. Mtoto wa miaka 8 hatachoka kukaa garini.

Sehemu za kupiga kambi zimo ndani ya mbuga. Kama unaogopa kuanza na mbuga, kuna kambi za watu binafsi kando ya Ziwa Naivasha zenye ua na vyoo vya maji. Huko uliza swali moja kabla ya kulipa: ua wa kuzuia viboko unafanya kazi? Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi, na huyo si mnyama wa kuchezewa.

Hatua ya 1: Piga hesabu, kisha weka akiba kidogo kidogo

Andika gharama zote kabla ya kuahidi watoto. Huu ni mfano wa hesabu tu, si bei rasmi:

- Mafuta ya gari ama nauli: Sh4,000
- Kiingilio na ada ya kambi: Sh4,500
- Kukodi hema na mifuko ya kulalia: Sh3,000
- Chakula, maji na gesi: Sh2,500
- Akiba ya dharura: Sh2,000

Jumla ni Sh16,000. Ukianza wiki 8 kabla, hiyo ni Sh2,000 kwa wiki. Ziweke kwenye akaunti ya akiba ndani ya simu, si kwenye salio la kila siku, kwa sababu salio la kila siku lina miguu: leo unga, kesho stima, keshokutwa mchango wa harusi.

Ada za mbuga hutofautiana kwa mtu mzima na mtoto, na kwa raia, mkazi na mgeni wa kutoka nje. Gari nalo hulipiwa. Angalia viwango vya sasa kwenye eCitizen, na usisahau kubeba kitambulisho. Bila kitambulisho, unaweza kuombwa kulipa kama mgeni.

Mstari wa dharura usiuguse. Huo si wa soda. Ni wa kumpeleka mtoto hospitali ama kulipa fundi wa gari.

Kingine: usinunue hema mwanzoni. Kodi. Mkigundua familia haipendi kulala chini, mtakuwa mmepoteza kidogo.

Hatua ya 2: Lipa kwa njia sahihi

Malango ya mbuga za KWS hayapokei pesa taslimu. Malipo hupitia eCitizen, kwa simu ama kadi. Lipa ukiwa nyumbani, mtandao ukiwa imara, kisha hifadhi risiti. Piga picha ya skrini pia, ili uweze kuionyesha hata bila bando.

Hapa ndipo matapeli hujipenyeza. Msimu wa likizo utaona matangazo ya "ofa ya kambi, zimebaki nafasi tatu, tuma deposi sasa." Picha ni tamu, bei ni ya chini, na nambari ni ya mtu binafsi. Kabla hujatuma hata shilingi:

1. Ada ya mbuga lipa mwenyewe kupitia eCitizen. Hakuna haja ya mtu wa katikati kwa familia moja.
2. Kwa kambi ya mtu binafsi ama duka la kukodi hema, omba nambari ya Paybill ama Till yenye jina la biashara. Kuwa nayo si uthibitisho kamili, lakini nambari ya mtu binafsi ni sababu ya kusimama na kuuliza zaidi.
3. Soma jina linalojitokeza kabla ya kukamilisha malipo. Kama halilingani na jina la biashara, simama hapo. Usiambiwe "hilo ni jina la mhasibu wetu."
4. Uliza deposi itarudishwa vipi mkiahirisha. Watoto huugua bila ratiba. Jibu liwe kwa maandishi.
5. PIN yako haiombwi na mtu yeyote. Si kambi, si wakala, si sisi.

Ukituma kwa nambari isiyo sahihi, omba muamala urudishwe mara moja, kupitia njia rasmi ya kampuni yako ya simu. Dakika tano za kwanza zina thamani kuliko kesho yote.

Hatua ya 3: Lala sebuleni kwanza

Wiki mbili kabla, simamisha hema sebuleni, uani ama kwa shosho mashambani. Lalieni humo usiku mzima, taa zikiwa zimezimwa. Mtajifunza mengi bila gharama: kwamba mtoto wa miaka 5 anaogopa sauti ya zipu, kwamba wa miaka 2 hujiviringisha mpaka mlangoni, kwamba fimbo moja ya hema la kukodi imevunjika. Afadhali ujue hayo ukiwa hatua kumi kutoka kitandani.

Hatua ya 4: Pakia ya usiku kwanza

Wazazi wengi hupakia wakifikiria mchana: mpira, miwani, vitafunio. Lakini kinachovunja kambi na watoto ni usiku. Naivasha iko juu, kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Baridi nyingi hutoka ardhini, kwa hivyo cha kulalia chini ni muhimu kama blanketi la juu.

Ya usiku:
- Godoro la sponji ama mkeka mzito, na turubai ya kutandika chini ya hema
- Blanketi moja zaidi ya mnazodhani zinatosha
- Kwa kila mtoto: soksi mbili, suruali nzito, sweta na kofia ya marvin
- Tochi moja kwa kila mtu anayeweza kuishika
- Poti ya mtoto na mifuko ya takataka. Hakuna mtoto wa kutoka nje ya hema peke yake usiku
- Nepi za kutosha, na nne za ziada

Ya chakula:
- Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo, ule tunaouita meko. Usipikie ndani ya hema kamwe: moto ni hatari, na hewa yake chafu huua kimya kimya
- Mitungi miwili ya maji ya lita 20. Usitegemee kupata maji ya kunywa kambini
- Vyakula vilivyopikwa nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, nduma, githeri ya kupasha moto
- Sanduku lenye kifuniko kinachofungwa. Nyani na tumbili wanajua kufungua mifuko ya karatasi vizuri kuliko mtoto wako. Chakula kilale garini, kisilale hemani

Ya dharura: dawa ya homa ya watoto, ORS, bandeji, dawa ya kusafisha kidonda, dawa za mtu yeyote mwenye pumu ama mzio, na filimbi shingoni mwa kila mtoto mkubwa.

Hatua ya 5: Simu ndiyo pochi, betri ndiyo kufuli

Siku hizi simu moja ni pesa, ramani, tochi, kamera na katuni za mtoto. Ikizima, vyote vimezima. Kwa hivyo gawanya kazi.

Simu ya kwanza iwe ya pesa na dharura. Iwe na chaji kamili, kwenye hali ya kuokoa betri, na haipewi mtoto. Simu ya pili iwe ya picha na katuni. Beba pawabanki, ile betri ya ziada ya kuchajia, na uijaribu nyumbani.

Pesa nazo gawanya. Mzazi mmoja asibebe yote. Weka nusu ya akiba ya dharura kwenye laini ya mama na nusu kwenye ya baba. Kama mnaweza, laini hizo ziwe za mitandao tofauti, kwa sababu mtandao unaweza kuwa hafifu ukiingia mabondeni. Menyu ya laini haihitaji bando, lakini inahitaji mtandao. Beba pia noti ndogo ndogo za kununulia mahindi ya kuchoma njiani ama kulipa boda.

Andika nambari mbili za simu kwenye karatasi, uiweke mfukoni mwa kila mtoto. Simu ikizima, nambari zilizo ndani yake hazimsaidii mtu.

Hatua ya 6: Sheria mbili ambazo hazijadiliwi

Ya kwanza ni mvua. Korongo la Hell's Gate ni zuri sana, lakini ni jembamba na maji yake hutoka mbali. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla ndani ya korongo hilo yaliua watu 7. Septemba si mwezi wa mvua ndefu wala fupi. Kwa hivyo usitazame kalenda, wala mbingu iliyo juu yako pekee. Waulize askari wa KWS langoni kama mvua imenyesha milimani, na wakisema hapana, ni hapana. Ukiwa na mtoto wa miaka 2 mgongoni, sisi tunashauri muache korongo kabisa safari hii. Baiskeli na picnic zinatosha.

Ya pili ni mwanga. Jua huzama karibu saa kumi na mbili unusu. Fikeni kambini kabla ya saa nane mchana, ili hema lisimame, chakula kiive na kila mtoto ajue choo kiko wapi kabla ya giza.

Ratiba kwa ufupi

- Wiki 8 kabla: hesabu, na akiba ya kwanza
- Wiki 2 kabla: kodi hema, lala sebuleni
- Siku 3 kabla: lipa eCitizen, hifadhi risiti, angalia utabiri wa hali ya hewa
- Jioni ya mwisho: pika, chaji simu zote na pawabanki, gawanya pesa, pakia ya usiku ikae juu
- Siku yenyewe: tokeni asubuhi, mkiwa mmeshiba

Na kama siku 3 kabla mtoto ana homa ama utabiri ni wa mvua kubwa, ahirisheni. Akiba yenu iko salama kwenye simu, na likizo nyingine inakuja.