Jua Lipo, Ngozi Hailipati: Mbinu za Kujikinga na Upungufu wa Vitamini D kwa Watu wa Migodini

Shinyanga na Geita ziko kati ya nyuzi 2 na 4 kusini mwa Ikweta, na jua linawaka mwaka mzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania, ukakuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D katika kila lita ya damu. Watu wazima wengi hutoshwa na 50. Watu hao hushinda nje, na ngozi inayopigwa na jua hujitengenezea vitamini hiyo yenyewe.

Ukanda huu wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, hata hivyo, umejaa watu wasioshinda nje. Kuna anayefanya kazi chini ya ardhi kwenye mgodi wa Bulyanhulu, kuna mchimbaji mdogo anayeshinda ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, kule Nyarugusu au Rwamagasa, na kuna mlinzi wa usiku anayelala mchana kutwa. Bila vitamini D mwili hushindwa kufyonza kalsiamu vizuri, na mifupa ya mtu mzima hulainika taratibu. Fanya haya.

1. Hesabu saa zako za jua. Chukua wiki moja ya kazi na ujiulize: ni lini mikono na miguu yangu ilikuwa wazi juani? Jua la kupitia kwenye kioo usilihesabu. Dereva wa lori la mgodini anayefunga vioo ili apate kiyoyozi huhisi joto mkononi, lakini kioo huzuia mionzi ile inayotengeneza vitamini D. Ovaroli ya mikono mirefu na baibui navyo huizuia.

2. Tumia kivuli chako kama saa. Wengi tumezoea kusifia jua la saa moja asubuhi. Ni zuri kwa kuota, ila mionzi inayohitajika bado ni hafifu. Simama wima utazame kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua linafaa. Kwa kawaida ni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kidogo, hivyo lenga kama nusu saa, mara tatu kwa wiki, mikono na miguu ikiwa wazi na kichwa kikiwa na kofia. Ukiwa zamu ya usiku, amka mapema kidogo kabla jua halijashuka. Siku za mapumziko, fulia nje, lima bustani, tembea kwa miguu hadi gulioni.

Mwenye ualbino asifuate ushauri huu wa jua. Ngozi yake huungua haraka, na saratani ya ngozi ni hatari iliyo karibu naye. Aendelee na kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua, na suala la vitamini D alizungumze na mhudumu wa afya.

3. Weka samaki kwenye sahani. Vyakula vyenye vitamini D ni vichache: samaki, hasa wenye mafuta, kiini cha yai na maini. Michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na nsansa (mboga za majani zilizokaushwa) ni vyakula vizuri, lakini vitamini hii havina. Dagaa wa Ziwa Victoria hupatikana kila soko. Waoshe mara kadhaa mchanga uishe, uwakaange kwa mafuta kidogo pamoja na nyanya na kitunguu, kwani vitamini D hufyonzwa pamoja na mafuta. Uwale wakiwa wazima: mifupa yao ina kalsiamu.

4. Zijue dalili, na usizichanganye. Dalili ni maumivu butu ya kiuno, nyonga na miguu, na mapaja kukosa nguvu hadi kuinuka kwenye kigoda kunakuwa kazi. Ila baadhi ya visima vya Shinyanga vina floraidi nyingi, na kuinywa kwa miaka mingi nako huumiza mifupa na kukakamaza viungo. Kama una meno yenye madoa ya kahawia tangu utotoni, huenda ni floraidi: mweleze daktari, na umtajie chanzo cha maji yako.

5. Kidonge kiwe na sababu. Mtu mzima huhitaji yuniti (IU) 600 za vitamini D kwa siku, na 800 akipita miaka 70. Usivuke 4,000 kwa siku bila daktari, kwani vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu na kudhuru figo. Mtajie daktari dawa zako zote. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza vitamini D mwilini, lakini usiziache kwa sababu hiyo. Na kikohozi kinachozidi wiki mbili kwa mtu anayevuta vumbi la mwamba ni cha kupimwa kifua kikuu, wala si cha kumeza vitamini.

Wasimamizi wa migodi na wenye maduara, wapangieni watu zamu za kubadilishana ili kila mmoja apate siku za kuwa nje mchana. Nawe mchimbaji, usisubiri mifupa iume: siku yako ya mapumziko ijayo, toka nje kivuli kikiwa kifupi.