Somo: Kupima Maziwa kwa Haki



Katika kikundi kimoja cha maziwa nilichotembelea, mama mmoja alirudishiwa lita zake sita. "Yameganda," aliambiwa. Mama akalia: "Lakini nimeyakamua asubuhi hii, na karo ya mtoto nitatoa wapi?" Tukayapima tena polepole. Hayakuganda! Ng'ombe hakuwa na kosa. Mpimaji alikuwa akimimina spiriti kwa kukisia tu.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Mililita 2 za maziwa huchanganywa na mililita 2 za alkoholi ya asilimia 68 katika kichupa cha kioo. Mkiona mabonge madogo madogo, maziwa hayo hayafai kupelekwa kiwandani. Lakini lazima iwe sawa kwa sawa. Spiriti ikizidi, hata maziwa mazuri yanaweza kuganda. Ikipungua, maziwa yaliyoanza kuchacha yanapita, halafu yanaharibu mkebe mzima wa wenzake.

Basi, tupimeje?

1. Wekeni mabomba mawili ya sindano, bila sindano zenyewe: moja la maziwa, moja la spiriti. Msiyabadilishe.

2. Koroga maziwa kwanza.

3. Vuta yapite alama kidogo. Inua ncha juu, gonga kwa kidole ili mapovu yapande, kisha sukuma polepole mpaka alama ya 2. Povu si maziwa.

4. Leta alama mbele ya jicho. Ukiangalia kutoka juu au chini utadanganyika. Soma ukingo wa mpira ulio upande wa maziwa.

5. Wenye pipeti ya kioo: spiriti hubonyea katikati kama bakuli. Soma pale chini ya bakuli. Usivute kwa mdomo kamwe.

6. Suuza vyombo na ukung'ute maji kabla ya kumpima mwingine. Funika chupa ya spiriti mara moja, maana ikikaa wazi nguvu hupungua. Iwe mbali na moto.

Tena kumbukeni: maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi, au mwenye ugonjwa wa kiwele, huweza kuganda ingawa hayajachacha. Muulizeni mwenyewe kwanza, msimwite mwongo.

Maswali ya kujadili kikundini:

- Kwetu nani hupima? Alifundishwa?
- Mkulima asiporidhika, tunapima tena mbele yake?

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kiwe cha haki.