SOMO LA BUSTANI: MATEMBELE YA MLANGONI

Leo tujifunze juu ya matembele, mboga ambayo mama zetu walituchumia nyumbani. Posho inapopungua, mboga iliyo mlangoni ndiyo inayotubakia.

Kwanza nikiri kosa langu. Msimu wangu wa kwanza hapa niliomba marando ya viazi vitamu kwa jirani, nikapanda yote bila kuchagua. Mengine yalikuwa na majani yaliyojikunja. Nikasema moyoni, mvua itayaponya. Haikuyaponya. Baada ya miezi miwili bustani yote ilikuwa imedumaa, na watoto wangu wakala ugali na chumvi.

1. Chagua marando safi.
Ugonjwa ule ni wa virusi. Inzi weupe na vidukari huubeba kutoka mmea hadi mmea, tena husafiri ndani ya rando lenyewe. Hauna dawa. Dalili zake ni majani madogo, membamba, yaliyokunjamana au yenye rangi ya njano. Kata marando kwenye mmea wenye nguvu tu. Ulio mgonjwa ung'oe na kuuchoma mara moja.

2. Panda vizuri.
Kata ncha ya rando, urefu wa sentimita 30 hivi. Inua tuta, changanya samadi iliyooza. Fukia theluthi mbili ya rando, ncha ibaki juu. Kati ya rando na rando acha sentimita 30. Mwagilia mpaka yashike.

3. Chuma kwa kiasi.
Subiri kama wiki 6. Kisha chuma ncha changa tu, urudi baada ya wiki 2. Majani ndiyo yanayolisha viazi vilivyo chini. Ukiyamaliza, utachimba mizizi mitupu. Afadhali tuta moja liwe la mboga, jingine la viazi.

4. Tunza mbegu ya kiangazi.
Hapa ndipo wengi tunaanguka. Marando yakikauka, tunaomba tena popote, na ugonjwa unarudi. Chagua viazi vidogo vizima, visivyo na matundu, uvifukie katika mchanga mkavu ndani ya beseni, nyumbani. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua vipande kitaluni na kuvimwagilia. Vitakupa marando mapya, yako mwenyewe.

Ukipata mbegu ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, pokea kwa furaha: vina vitamini A inayolinda macho ya watoto. Matembele nayo yapike na mafuta kidogo, ili mwili uipate vizuri vitamini hiyo.

Maswali ya kujadiliana:
a) Je, marando yako ya mwisho ulitoa wapi? Uliyakagua?
b) Katika kikundi chenu, nani atatunza mbegu kiangazi hiki?

Mama au baba asiye na mbegu asione haya kuomba. Na wewe unayempa jirani, mpe rando ambalo ungelipanda kwako.