Ukiacha Nyama, Kuna Mbuzi Atapona?
Somo: Warumi 14, Mithali 12:10

Kijana mmoja aliniuliza: "Pastor, nikiacha nyama peke yangu, kuna mbuzi atapona hapa Garbatulla?"

Tupige hesabu. Bucha haichinji nusu mbuzi. Tuseme mbuzi anatoa kilo 10. Ukiacha kilo moja, leo hakuna kinachobadilika. Ila zikikosa mnunuzi kilo 10, mbuzi mzima anabaki boma. Yako imo humo.

Lakini Paulo anakataza tuhukumiane kwa chakula. Na wewe unayekula, Mithali inadai mwenye haki ajali mnyama wake. Basi usimfunge miguu na kumrundika kwenye lori la Kiamaiko bila maji, useme ni biashara. Mungu anaona.